Salio

Aliyeuliza ni Atuganile, unga wa chaki bado mikononi,
chini ya mawe ya Kihesa, Julai, saa mbili asubuhi,
kwenye baridi ile ya Iringa ya kubembeleza vidole kimoja kimoja:
"Hivi ule ufa wa kushoto tuliumaliza lini?"

Mimi nikasema Pasaka.
Kihwele akasema kabla ya Kwaresima,
kwa maana bado alikuwa anakunywa ulanzi.
Tukabishana hadi jua likatuvua makoti.
Mwamba ulijua. Haukusema.
Gangilonga, wanasema, ni jiwe linaloongea;
haya ya kwetu ama ni mabubu
ama yametuchoka.

Basi tuandike. Hapo tulikubaliana.
Tuandike wapi, hapo kila mtu akashika kamba yake.

Kihwele alitaka simu.
Akatengeneza jedwali la rangi:
kijani, umefika; nyekundu, umedondoka;
njano, umefika lakini ulishika kamba na wote tumekuona.
Jedwali lilijumlisha lenyewe.
Mwezi wa pili likatutangazia
kwamba Atuganile anatuzidi kwa tisa,
na tangu siku hiyo Kihwele akawa anapanda mawe mafupi, mengi, mbiombio,
kama mtoto anayeokota vizibo vya soda apate zawadi.
Kisha simu ikamtoka mfukoni
juu kabisa, pale tunapopaita Usinikumbushe,
ikashuka njia nzima peke yake, bila kamba.
Hiyo haikuandikwa popote.

Atuganile alikuwa na uzi wa sweta, mwekundu,
fundo moja kwa kila kilele.
Alipenda kuupapasa gizani umeme ukikatika.
Lakini fundo halina jina,
na paka wa kwao
aliufumua msimu mzima kwa dakika moja.

Mimi ni mtoto wa duka.
Nilichukua kaunta buku ya mama, kwaya mbili,
iliyobakiwa na kurasa sabini baada ya madeni ya zamani.
Safu zilishachorwa, kwa rula na wino wa mama:
Tarehe. Jina. Alichochukua. Alicholipa. Salio.
Sikufuta kitu.

*Julai 12. Mwamba.
Alichochukua: ngozi, kidole cha shahada; na kelele moja.
Alicholipa: hatua nane.
Salio: mbili za juu.*

Atuganile alicheka mpaka akakaa chini.
Kesho yake akaomba kalamu.

Siku za mvua mawe yanateleza, hakuna anayekwea.
Ndipo ninaposoma kurasa za mbele.
Mzee Nyaulingo, sukari nusu, salio mia nane.
Mzee Nyaulingo, mafuta ya taa. Mzee Nyaulingo, kiberiti.
Miaka minne, mwandiko uleule usioinama.
Nikamuuliza mama: kama hukumdai, ulikuwa unaandika nini?
Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho.
"Nilikuwa naandika ili siku nikikasirika
nisije nikamdai mara mbili."

Kihwele alihamia Makambako, kwenye mbao.
Mwezi uliopita, usiku, akanitumia ujumbe:
*Ule ufa wa kushoto, mimi niliumaliza, eti?*
Nilijua anataka nini. Pengine alishawasimulia wenzake kule.
Nikafunua, kwa tochi,
mwandiko wake mwenyewe, umelalia kulia kama mtu anayekimbia:
*Februari 9. Salio: mshiko mmoja.*

Nilikaa na lile neno *ndiyo* kwenye kidole, muda.
Ni fupi. Lisingemgharimu mtu yeyote.
Nikampiga picha ukurasa, nikautuma.

Siku tatu, kimya.
Ya nne akauliza
basi la kwanza la asubuhi huwa linaingia Ipogolo saa ngapi,
na kama viatu vyake bado viko
chini ya kitanda changu, au niliwapa paka.