Nyingine (Taja)

Kijana ameketi barazani kwangu, hapa Kyarumba,
kishikwambi mapajani, viatu vimejaa tope la mlimani.
Hajui kwamba maswali anayonisomea
niliyaandika mimi, kwa taa ya chemli,
miaka minane kabla hajazaliwa.

"Umri?"
Sitini na mmoja.
"Basi unastahili," anasema,
kwa furaha ya mtu anayekaribia kutimiza hesabu ya siku.
Kompyuta kule Kampala imepiga kura
na kura imeangukia bati langu.
Kikomo hicho nilikiweka mimi, sitini na kuendelea.
Nilikuwa na ishirini na tisa;
sitini ilikuwa nchi ya watu wengine.

Swali la tisa, umbali hadi kituo cha afya.
Hili niligombana nalo na wakubwa.
Wao walitaka kilomita. Nikawaambia
kilomita nne za ramani si kilomita nne za goti.
Mzee Thembo alishuka Jumanne, siku ya dawa za presha,
akaambiwa zimekwisha, rudi wiki ijayo.
Usiku ulimkuta juu ya jiwe, nusu ya mlima.
Kwenye jedwali yeye ni "huduma ipo".

Na Bi Ithungu, aliyenyimwa hela za wazee
kwa kuwa mashine haikusoma vidole vyake:
miaka sabini ya jembe ilikuwa imevifuta,
halafu wanamwuliza, wewe ni nani?
Ndiye aliyenipa jembe siku ya tatu,
bila tabasamu. "Methali hukufundishwa?"
Nikapalilia kahawa mpaka saa nane,
naye akanijibu, mstari kwa mstari,
hata yale niliyoogopa kuyauliza.

"Swali la thelathini na moja.
Ukiugua usiku, unamwita nani kwanza?
Mwenzi, mtoto, ndugu, jirani, nyingine, taja."

Hapo nimenyamaza.

Zamani orodha iliishia kwa jirani.
Kisha nikafika kwa Mbambu na Kabugho,
wake wawili wa marehemu Baluku,
waliowahi kumwagiana uji wa moto kwa ajili yake,
na alipozikwa wakabomoa ukuta wa katikati.
Mmoja vidole vimekakamaa, hafungui kichupa.
Mwingine hakumbuki kama amemeza.
Basi anayekumbuka huhesabu saa,
anayesahau hufungua kifuniko.
"Nimwite nani?" Mbambu alicheka. "Huyu adui yangu."

Sikuwa na kisanduku cha adui.
Nikaandika pembeni kwa penseli,
nikaandika barua, miaka mitano ya barua,
mpaka wakaniongezea mstari mmoja.
Watu wakiniuliza umefanya nini maishani
huwa nataja shahada, makala, mikutano ya ng'ambo.
Kumbe ni mstari huo tu.

Wameingia wengi humo: mtoto wa muuza chapati,
kijana wa bodaboda asiyedai nauli usiku,
redio, mara moja mbuzi
(tulibishana wiki nzima kama mbuzi anahesabiwa).

"Mama? Unamwita nani?"

Mume wangu yuko kaburini, binti yuko Mbarara,
na simu yake ni ya Jumapili.
Lakini kila siku saa mbili usiku
Masereka hunipigia kuniuliza kama nimefunga lango.
Aliendesha gari la mradi miaka ishirini na miwili,
alilala garini huku nikihesabu wapweke wa watu,
alinijua kwa kikohozi. Sasa amestaafu Kisinga.
Si ndugu, si jirani.
Hatujawahi kuzungumza jambo lolote la maana.

"Nyingine," nasema.
"Taja," anasema, kidole hewani.
Nataja. Anaandika, anafuta, anaandika tena.
"Uhusiano pia, mama, lakini kwa kifupi,
nafasi ni ya herufi ishirini."

Naijua nafasi hiyo.
Niliipima mwenyewe kwa rula,
nikadhani inatosha.