Mwaka wa Kigoda Kitupu

Siku ya kumi na mbili ya mkataba wangu.
Bahi, darasa la nne B, madawati yamesukumwa ukutani,
mashine ya alama za vidole inanung'unika mezani
na vumbi limeshajiandikisha kabla ya watu wote.

Mbeleje Masinjisa. Tarehe ya kuzaliwa?
"Mwaka wa nne wa Lusito."
Nikamwambia mfumo haumjui Lusito.
"Basi umemkosa mtu," akasema, akakaa vizuri.

Akanihesabia.
Mwaka wa kwanza wa Lusito, mvua ya mawe juu ya uwele.
Wa pili, nzige.
Wa tatu haupendi kutajwa, akauruka kama mtu arukaye shimo.
Wa nne mama yake alikuwa anapura,
akaweka fimbo chini, akamzaa, akaokota fimbo.
Baadaye mwana wa Lusito, Mhembano, wa masika moja tu:
watoto wake wote ni wa mwaka wa kwanza,
wa pili haukufika.
Kisha nduguye, miaka ishirini na sita, mirefu kama reli,
waliozaliwa mwanzoni mwake wakaoana humohumo ndani yake.
Halafu karatasi ikaja kutoka mjini: utemi umefutwa.
"Walichukua kigoda. Hesabu nyingine hawakuniletea."

Nyuma yake kwenye foleni, Chedego, mdogo wake,
amekumbatia mfuko wa karanga asioamini kuuacha nje.
"Huyu," Mbeleje akanong'ona, kwa mnong'ono wa kufika stesheni,
"huyu hana mwaka."

Lusito alikuwa amekufa na kifo kimefichwa.
Mawe ya mvua yamo chunguni, hakuna mkono wa kuyapaka mafuta.
Miezi minne kigoda kitupu,
kuku anapanda, kuku anashuka.
Ndani ya miezi hiyo Chedego akalia kwa mara ya kwanza
na wanawake wakamziba mdomo,
maana kilio chochote, hata cha mtoto,
kingetangaza msiba.

Tangu hapo akiulizwa, hujibu: "Mimi wa katikati."
Wa Lusito walipocheza, aliwashikia nguo.
Wa Mhembano walipocheza, aliwashikia nguo.

Nikakitazama kisanduku. Siku, mwezi, mwaka.
Msimamizi alishatuagiza: asiyejua, mwandikie Januari mosi.
Nimeshazalisha mia tatu na kumi na wawili,
kijiji kizima kimezaliwa usiku mmoja,
sijui wakunga walitosha vipi.

Chedego akaweka kidole. Mashine ikakataa.
Miaka ya kuchemsha chumvi ya mbuga
imelamba mistari yote.
Kingine. Ikakataa.
"Unaona," akasema, bila huzuni,
kama mtu aliyeshinda ubishi wa siku nyingi.

Nikaandika Januari mosi. Nikaifuta.
Nikauliza: shambani kulikuwaje?
"Mama alisema uwele ulikuwa magotini."
Februari, basi. Tarehe?
"Siku waliyoniziba mdomo."
Nikaandika kumi na saba.
Niliichagua mimi, mtu wa posho ya siku ishirini na moja,
mkono ukitetemeka kidogo,
au ilikuwa treni ya mizigo inapita.

Kidole cha nane kikakubali. Taa ya kijani.
Chedego akaitazama muda mrefu
kama anayetafuta pa kukaa.

"Na wewe," Mbeleje akanigeukia, "wewe wa nani?"
Nikafungua mdomo kutaja tarehe
nikajisikia nikisema: awamu ya pili, mwaka wa kwanza,
sabuni ilipoanza kurudi dukani.
"Ahaa," akasema. "Kumbe unajua kuhesabu."

Wakaondoka wakibishana nani atabeba mfuko.
Karanga tatu zilibaki juu ya fomu.
Nikala mbili.
Foleni bado ilikuwa hadi mlingoti wa bendera.