Meza Iliyomeza Sebule

Niliuona Gikomba, umeegemezwa ukutani
kama mtu aliyechoka kungoja jina lake liitwe:
ubao wa mvule, futi saba, unene wa vidole vinne,
gome bado limeng'ang'ania ubavu mmoja,
na ufa katikati, mrefu kuliko mkono wangu.
"Huo una kilema," akasema muuzaji, "nitakupunguzia."
Nikamlipa kabla hajabadilisha nia.
Pesa zilikuwa za kochi. Nduku alishachagua rangi.

Wanaume wanne waliupandisha hadi orofa ya tatu, Umoja,
wakiuinamisha kwenye kona za ngazi kama jeneza.
Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa:
hata Mama Zuhura wa orofa ya pili alitoka amejitanda leso,
akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani?"
Nikamjibu, "Ni meza."

Haikuwa meza. Ubao ulikaa miezi minne nyuma ya mlango
ukikauka, na usiku ukilia, tak,
kila ulipoachilia maji yake.
Musembi akaapa kuna panya.
Mimi, niliyezoeshwa zamu ya usiku, nililala macho nikiusikiliza.
Wodini nimekaa na wengi wanaolia hivyo,
saa tisa, hawataki kitu, wanataka tu mtu asikie.

Randa niliazima kwa Opicho, bawabu wetu,
aliyekuwa seremala kabla mgongo haujamkatalia.
Maranda yakaanguka yamejikunja, mepesi,
yakaingia kwenye soksi, kwenye sufuria, kwenye uji.
Jirani wa juu akawa anagonga sakafu kwa mwiko.
Stima ikipotea, nilishukuru:
mashine ya kuazima ikanyamaza, nikashika msasa kwa mkono,
na sauti yake ni ya mtu anayechagua mchele,
haimuudhi yeyote.

Patasi ilinikata Jumamosi ya sita.
Mishono mitatu, nilijishona mwenyewe, mkono wa kushoto.
Ufa nao nikaushona:
vipepeo vitatu vya muhugu,
bawa moja huku, bawa jingine kule,
vizishike kingo zisiachane zaidi.
Sikuuziba. Ukipitisha kidole utaukuta.
Baba yao angeujaza gundi na vumbi,
apake vanishi juu, aseme umepona.

Miaka kumi na sita tumekula sahani mapajani,
macho kwenye runinga, bega kwa bega
kama watu wa foleni ya benki.
Sasa meza imemeza.
Imemeza sebule, stuli zote, na kamba ya kuanikia,
imemeza kochi la kijani ambalo halikuja.
Friji ikifunguliwa, lazima mtu mmoja asimame.

Jioni ya kwanza: ugali, kunde,
mafuta ya kitani yakinuka bado chini ya bakuli.
Nduku, ambaye hakuwa amenisemesha tangu habari ya kochi,
akaketi upande wa pili, akatafuna, akanitazama.
"Mama," akasema, "una mvi kwenye nyusi."
Sikuwa najua.
Musembi akainuka, akaja kuhakikisha,
akazihesabu kwa kidole chenye mchuzi. Nne.

Jana wakala wa mwenye nyumba ameleta barua: Januari kodi inapanda,
asiyeweza, ahame.
Aliisoma hapo mezani, viwiko juu ya vipepeo,
akimalizia chai.
Kisha akaupima mlango kwa macho, akaipima meza,
akaurudia mlango.
"Na hii mtaitoaje?"

Miguu niliitia kwa ndimi na gundi, bila hata skrubu moja.
Opicho alinionya. Nilimwambia nataka kitu kisichotikisika.

Wakala akakipapasa kingo, pale gome lilipokuwa,
polepole, kama anayetafuta mahali pa kukosoa.
Nikamwongezea chai.