Bitana

Miaka ishirini na saba nimekata uzi kwa jino.
Mkasi upo, unaning'inia shingoni,
lakini jino lilikuwa karibu zaidi,
na Januari hapa Ngara sare za shule hazisubiri.
Likapasuka kwa nailoni, si kwa mfupa wala muwa.
Muthoki, mwanafunzi wangu, alisikia kabla yangu.

Dawa ya jino ni kung'oa, akasema jirani wa zipu na vifungo.
Daktari Jerotich, kule Hurlingham, akasema: kung'oa, ndiyo,
ila saa hiyohiyo, shimo lingali na joto,
tutatia skrubu.
Na ufizi wako, mama, ni mwembamba kama shifoni;
utanywea, chuma kionekane kwa ndani,
kivuli cha kijivu kila ukicheka.
Nitakopa nyama kidogo kwenye kaakaa
niichomeke chini yake.

Nikamwambia: bitana.
Akauliza, nini?
Bitana, daktari. Kitambaa cha ndani kisichosifiwa na mtu,
ndicho kinachofanya koti likae begani.
Akaliandika neno hilo pembeni mwa faili.

Nusu ya mdomo ikawa ya mtu mwingine.
Sikusikia uchungu; nilisikia kazi.
Sindano imepinda kama ukucha wa paka,
uzi mwembamba kuliko mvi zangu.
Nikahesabu mishono, macho kwenye kioo cha taa:
sita. Wa nne haukumpendeza,
akaufumua, akaurudia.
Hapo ndipo nilipomwamini.

Kukopa harusi, kulipa matanga:
usiku ule ufizi uliopewa ulilala,
kaakaa lililotoa ndilo lililokesha.
Siku tisa za uji uliopoa na viazi vya kuponda,
wateja nawaandikia kwenye karatasi ya patani:
Mikono mirefu? Pindo inchi ngapi?

Sasa ni Aprili, mvua inapiga mabati.
Ufizi umejaa, mwekundu, umekaa vizuri kama kola.
Jino lenyewe bado.
Mfupa, anasema daktari, haushonwi, unangojwa.
Na chama nacho kinangoja, awamu mbili zimebaki.

Jana nimemkuta Muthoki ameinamisha kichwa,
uzi kati ya meno.
Nikavua mkasi shingoni mwangu, nikamvika.
Akacheka, akadhani nimemfuzisha.