Ungo na Sinia

Mkataba wa nyumba, ukurasa wa tatu:
marufuku mpangaji kuweka ungo barazani wala juu ya paa.
Nilimsomea mama kwa Kiswahili,
naye akaenda kuuficha wake nyuma ya gunia la mchele,
ungo wa ukindu uliotoka naye Pemba hadi Ibra,
na Ibra hadi hapa Ruwi, ghorofa ya tano.
"Kwani watu wa mji huu wanapepetea nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Si huo, mama. Ule wa kunasia televisheni,
kama wa kaka Mundhir, uliojaa mavi ya njiwa.
"Basi ungesema dishi," akanuna,
na ungo haukutoka mafichoni mpaka Jumapili.

Tangu ahamie kwangu jioni zake zilikuwa ndefu.
Narudi hospitali saa mbili usiku, miguu imevimba,
namkuta mbele ya kioo cheusi,
kanga begani, anajitazama mle ndani.
"Leo kipindi kizima nilikuwa mimi."

Nikaenda duka lililo nyuma ya kituo cha mabasi.
Muuzaji, Shaji, akanitolea kidude bapa,
chembamba kama daftari la darasa la kwanza.
Riali nne na baisa mia tano.
Hakuna kadi, dada, hakuna malipo ya mwezi.
Ni hewani tu, na hewa ni ya bure.
Alilisema hilo huku akitazama mlangoni.

Lakini hewa ya Ruwi imezungukwa na milima.
Sebuleni: chaneli sifuri.
Juu ya kabati: sifuri.
Nikarudi kwa Shaji kununua waya mrefu, riali mbili nyingine,
na mama akakikumbatia kidude
akapita nacho chumba hadi chumba
kama mganga atafutaye kilichofukiwa,
mimi nyuma na rimoti:
inatafuta, inatafuta, asilimia tisini na tisa,
hakuna.
Waya ukanasa kwenye bawaba, tukakosana kidogo.
"Bure yenu ina kazi," akasema,
akakibwaga jikoni, juu ya sinia la bati
lililoegemezwa dirishani likauke.

Sebuleni mwanamume akatamka: mvua.

Picha ikaja vipande vipande, vigae vya kijani,
kisha vikashikana: Salala, ukungu,
ngamia amesimama katikati ya barabara, amelowa chapa,
na magari yote yanamngoja.
Mama akatoka mbio, mikono ina unga.

Chaneli nne.
Ya Kurani, ya habari, ya mpira,
na moja ambayo kutwa wazee wanabishania ngamia.
Hiyo ndiyo yake.
Kiarabu cha majangwani kinampiga chenga,
lakini anajua nani mwongo.
"Yule mwenye fimbo. Tazama mikono yake."

Siku ya nne bawabu akapanda, amesikia sauti.
Akachungulia barazani: mashuka yangu ya kazini, ndoo.
Dishi liko wapi, mama?
Mama akaingia ndani, akatoka na ungo,
akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.
Bawabu akaugeuza juu, akaugeuza chini,
punje moja ya mchele ikamwangukia kiatuni.
Akaurudisha. Akashuka kwa ngazi, hakungoja lifti.

Ijumaa tu ndiyo yenye mtihani.
Sinia ni hilo hilo moja,
na Mundhir huja na watoto watano, hawali kwenye sahani.
Nimesema nitanunua la pili. Mama hataki,
anasema la pili huenda lisisikie.
Basi saa nane, wali ukishaiva,
analiondoa dirishani taratibu,
na mzee mwenye fimbo anakwama mdomo wazi,
anavunjika vigae,
anazimika kabla hajataja bei.
Tunakula.
Mama anakula haraka kuliko wote.