Kiti cha Kibuye

Nilikinunua Jumapili, Kibuye, kwa mia nne,
mguu mmoja umefungwa kwa tyubu ya baiskeli.
Muuzaji akacheka: "Dada, hiyo ni kuni."

Siku tatu nakipiga msasa barazani, Nyalenda.
Chini ya kijani, buluu;
chini ya buluu, mvule,
na chini ya kikalio mtu amekwaruza kwa msumari:
PILISTA 1971.

Simjui Pilista.
Lakini mkono wangu ulipunguza kasi.

Fundi Odemba alinichongea mguu mpya,
mweupe kuliko wenzake.
Nikamkataza kuupaka rangi.
Acha uonekane mgeni; utazoea.

Kitambaa cha mgongoni nilifuma mwenyewe kwa krosha,
uzi wa maziwa, ukingo wa chungwa,
usiku stima ilipopotea.
Kona moja imekwenda upande:
hapo ndipo mvua ilipoanza kupiga mabati
nami nikapoteza hesabu.
Sikufumua.

Wageni wakija hukimbilia sofa.
Kiti ni changu, alfajiri, na chai ya rangi,
kidole kikipapasa chini, kikitafuta ile P.

Jana nilichukua msumari,
nikatia jina langu chini ya lake,
nikabakisha nafasi.