Pika Asiyepika

Kwa lugha yetu jina lake ni amri ya jikoni,
lakini huyu hajui moto.
Uzito wake robo kilo, pakiti ya majani ya chai;
masikio mapana, paji lina madoa rangi ya kutu.
Sisi tunahimizana kuziba ufa.
Yeye ufa ndio nyumba,
huko Tian Shan, juu ya mstari wa miti,
mahali ambapo hata mbuzi huomba njia.

Sametkhan alikuwa na kondoo mia mbili na arobaini.
Mwaka aliouza nusu, na nusu akawateremsha bondeni
ili majani ya juu yabaki kwa mnyama asiyeonekana,
Kulyash hakusema naye siku tatu.
Ya nne alimmiminia chai ya maziwa na chumvi:
"Huyo panya wako atatupa sufi?"
"Si panya. Ni jamaa ya sungura."
"Basi uupigie simu ukoo wake, utulipe."
Wakacheka mpaka mbwa akabweka.

Pika wa milima mingine hupiga mluzi mwewe akipita.
Huyu hunyamaza.
Asiyepiga kelele akiwapo,
nani atasikia siku ameondoka?

Na anaondoka, kwenda juu.
Theluji iliyokuwa ikilala kizingitini mwa hema
sasa hufuatwa kwa miguu nusu siku,
naye anaifuata, jabali kwa jabali,
kama mpangaji anayepandishiwa kodi.
Kileleni kuna nafasi ya jiwe moja,
baada ya hapo, mbingu,
na mbinguni hakuoti kitunguu pori.

Leo Sametkhan kapanda na betri za kamera mfukoni,
goti la kushoto likimlaumu.
Kamera: upepo, upepo, mkia wa chui, upepo.
Kisha chini ya mwamba, kiganja kizima cha majani
yaliyokatwa jana, mashina yote yakielekea upande mmoja,
ua la zambarau juu, halijanyauka.
Miaka arobaini amekata nyasi za mifugo.
Anaijua kazi ya fundi.
Akaligusa fungu kwa kidole, kama agusavyo mtoto aliyelala.

"Umemwona?" binti yake Zhanyl, simuni, kutoka mjini.
"Hapana. Nimemkuta kazini, katoka kidogo."

Usiku Kulyash akauliza: "Amelipa?"
Akamfungulia kiganja.
Kitupu.
Akakinusa.